Golf 7 au Audi A3: lipi litakufaa Malindi

Pandisha Golf 7 na Audi A3 ya kizazi cha 8V juu ya jeki, ziba nembo, kisha mwite fundi achungulie kwa chini. Atakwambia ni gari moja, na hatakuwa mbali na ukweli. Yote mawili yalizinduliwa 2012 juu ya jukwaa moja, yaani muundo wa chini wa gari, ambalo Volkswagen huliita MQB. A3 ndiyo iliyotangulia, Golf ikafuata miezi michache baadaye. Kutoka tairi la mbele hadi la nyuma ni kama mita 2.64 kwa yote mawili. Tangi lita 50, buti lita 380 kwa Golf na lita 380 hizo hizo kwa A3 Sportback. Rimu ni za bolti tano, 5x112, tundu la katikati milimita 57.1, na bolti zinakazwa Nm 120. Rimu ya hili inaingia kwa lile bila neno.

Tofauti iko kwenye bati la nje, taa, viti, skrini, na kwenye bei ambayo muuzaji wa spea anaitaja akishaona pete nne kwenye ufunguo wako. Kwa hiyo swali la "Golf au Audi" mimi huliona limeanza kinyumenyume. Kwa mtu wa Malindi swali la kwanza ni gia, la pili ni kilicho chini ya gari upande wa nyuma, la tatu ni kutu. Nembo ije mwisho.

Magari haya mengi hushushwa Mombasa kutoka Japani, machache kutoka Uingereza. Ya Uingereza huandika maili kwenye dashi, na yamepita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa baridi, kwa hivyo kutu imeshaanza kazi kabla hayajaonja hewa yetu. Ya Japani huwa safi kwa chini lakini redio yake inakamata masafa ya kwao, kuanzia 76 MHz, na stesheni zetu nyingi za juu hazifiki. Hilo ni jambo dogo. La kutazama ni injini gani ipo chini ya boneti.

Golf Trendline na Comfortline za Japani zina injini ya 1.2 TSI, ya petroli yenye turbo, nguvu za farasi 105, msukumo Nm 175. Highline ina 1.4 TSI ya farasi 140 na Nm 250, ile inayozima silinda ya 2 na ya 3 ukiwa unatembea kwa upole. A3 ya kawaida ina 1.4 TFSI ya farasi 122 na Nm 200. Kuna yenye farasi 140 inayozima silinda kama Highline. Halafu kuna A3 1.8 TFSI quattro ya farasi 180 inayovuta tairi zote nne. Herufi F kwenye TFSI isikutishe, ni namna Audi inavyoandika kitu kile kile. Injini za 1.2 na 1.4 kwenye magari yote mawili ni za familia moja, EA211. Ya 1.8 ni ya familia nyingine, EA888, na kwa kuwa inapita cc 1500 ushuru wake nao hupanda daraja.

Gia ndizo zinazoamua. Golf ya 1.2, Golf ya 1.4 na A3 ya 1.4 zote hutumia giaboksi moja la otomatiki, DQ200: gia saba, klachi mbili kavu. Kwenye namba za spea utaliona kama 0AM, na lililofuata kama 0CW. Limeundwa libebe msukumo usiozidi Nm 250. Piga hesabu mwenyewe: 1.2 inatoa 175, A3 ya 122 inatoa 200, Highline inatoa 250, yaani iko ukingoni kabisa. Ndiyo maana Golf ya 1.2, ambayo watu huidharau kwa sababu ya namba, ndiyo inayochosha klachi zake polepole kuliko zote. Ukiniuliza mimi, hiyo ndiyo ya kuanza kutafuta.

Klachi kavu haiogopi safari ndefu. Malindi hadi Mombasa ni kama kilomita 120, na gari likishaingia gia ya tano au ya sita klachi imeshika moja kwa moja, hailiwi. Inapoliwa ni pale unapoburuzika: foleni ya Mtwapa, au kupanda kutoka kwenye pantoni ya Likoni, gari mbele yako linasogea hatua mbili na kusimama. Hapo kompyuta inaishikilia klachi nusunusu, inasuguana, inapata moto, na hakuna oili ya kuipoza. Dawa iko mguuni kwa dereva. Acha nafasi ya gari moja au mawili mbele, kanyaga breki sawasawa (ukiikanyaga, klachi zinaachia kabisa), ngoja nafasi ipatikane, kisha uondoke mara moja bila kusitasita. Gari lenye kitufe cha Auto Hold, kinachoshika breki kwa niaba yako, kitumie. Usilizuie gari mlimani kwa kugusagusa mafuta. Foleni ikiwa ya kusogea kidogokidogo bila kusimama, peleka mkono wa gia kwenye M (ya kuchagua gia mwenyewe) ubaki gia ya 1, giaboksi lisihangaike kuruka kati ya 1 na 2.

Dalili za klachi iliyochoka hazifichiki kama unajua pa kuzitafuta. Gari likiwa na moto wa kutosha, ondoka taratibu kwenye mwinuko mdogo, mguu mwepesi kwenye mafuta. Likitetemeka kutoka 1 kwenda 2, au ukirudi nyuma likawa linatikisika mpaka kiti kinacheza, andika gharama ya seti ya klachi kwenye hesabu yako ya kununua. Kukubali maneno ya muuzaji, "itaisha yenyewe, bosi, ni petroli tu", ni kujitakia. Kubadilisha seti hiyo kunahitaji vifaa maalumu vya kuvutia na kusukumia klachi, na kupima nafasi ili kuchagua shimu za unene unaofaa. Fundi anayetaka kuigonga kwa nyundo mwambie asante, uondoke. Kazi ikiisha lazima giaboksi lifundishwe upya kwa kompyuta, ama ODIS ama VCDS, lijue klachi mpya inaanza kushika wapi. Wengi huruka hatua hii, gari linatoka gereji na klachi mpya na mtetemo wa zamani.

Ugonjwa wa pili ni mkubwa zaidi na hauhusiani na klachi. Ubavuni mwa giaboksi kuna mekatroniki, kifaa chenye kompyuta, pampu na vali, ambacho kina oili yake ya haidroliki, kama lita moja, isiyochanganyika na oili ya gia, ambayo ni kama lita 1.7. Ndani yake kuna akumuleta inayohifadhi presha, imefungwa kwa nyuzi kwenye nyumba ya alumini. Alumini hiyo hupasuka mahali pa zile nyuzi, presha inavuja, pampu inafanya kazi bila kupumzika, mwishowe kompyuta inaizima ili isiungue. Msimbo unaotokea ni P17BF. Dereva anaona alama ya spana kwenye dashi, gia zinapepesa, gari linakataa kusonga.

Kabla hujanunua, kuna jaribio la bure. Gari likiwa limelala usiku mzima, mahali pasipo kelele, fungua mlango wa dereva tu bila kuwasha chochote. Utasikia mvumo mfupi kutoka chini ya boneti: hiyo ni pampu ya mekatroniki inajaza presha. Ivume kidogo inyamaze. Funga, subiri kidogo, fungua tena. Ikiwa kila mara inavuma kwa muda mrefu, au ukiwa umesimama na injini inanguruma unaisikia ikianza na kuacha, ikianza na kuacha, presha haikai. Mashine ya kupimia itakuonyesha presha hiyo kwa namba, lakini sikio linatosha kukutia shaka.

Gari likishafikia hapo, mtu atakuambia ununue giaboksi zima lililotumika. Mara nyingi si lazima. Mekatroniki hutoka bila kuangusha giaboksi, na kuna seti za kurekebisha nyumba iliyopasuka. Giaboksi la mtumba nalo linakuja na alumini ile ile na umri ule ule, hujatatua kitu.

Jambo la joto na unyevu si la kubuni. Mwaka 2013 Volkswagen iliyaita magari kama milioni 1.6 duniani yenye giaboksi hili, Japani ikiwemo, kwa sababu oili ya sinthetiki iliyokuwamo ilikuwa ikileta hitilafu za umeme kwenye mekatroniki hasa nchi za joto na unyevunyevu. Wakabadilisha kwa oili ya madini. Malindi tuna joto na tuna unyevu. Kwa gari la 2013 kurudi nyuma, uliza kama kazi hiyo ilifanywa, na kama hakuna rekodi, kumwaga na kujaza upya oili ya gia ni gharama ndogo kuliko kubahatisha. Watakaokwambia giaboksi hili "halibadilishwi oili maishani" wanasoma maneno ya kiwandani, ya Ulaya.

A3 ya 1.8 quattro imeepuka haya yote kwa sababu inatumia DQ250, gia sita, klachi zake zimezama ndani ya oili. Hiyo inavumilia foleni vizuri zaidi. Lakini ina bili zake: oili na filta ya giaboksi kila kilomita 60,000, zaidi kidogo ya lita 5 kila ukibadilisha. Nyuma kuna Haldex inayopeleka nguvu tairi za nyuma, nayo inataka oili kila miaka mitatu. Hapo kuna mtego. Fundi anamwaga oili, anaweka mpya, anafunga. Chujio dogo lililo kwenye pampu ya Haldex halijaguswa, limejaa uchafu wa klachi, pampu inavuta kwa shida mpaka inaungua. Mwambie aitoe pampu, asafishe chujio, ndipo ajaze. Akikuambia halipo, hajawahi kuifungua.

Injini, kwa bahati, ni habari njema. Sifa mbaya ya "TSI na cheni" ni ya Golf 5 na 6, injini za EA111. EA211 ya Golf 7 na A3 inatumia mkanda wa taimingi, na Volkswagen inaagiza ukaguliwe ukifika kilomita 210,000. Mimi nisingengoja hapo kwa gari lenye umri wa miaka kumi ambalo kilomita zake huna hakika nazo. Mpira huzeeka kwa joto na kwa miaka pia. Oili ni kama lita 4, malizia kwa kijiti, ya kiwango cha VW 502 00, filta ni 04E 115 561, na boliti ya kumwagia oili ni Nm 30 tu, si nguvu za mtu mzima. Kiwanda kinaruhusu kilomita 15,000. Kwa vumbi letu na turbo hii, fanya 7,500. Plagi kila 60,000, filta ya hewa 04E 129 620 itazame kila oili, zaidi kwa anayekwenda Marafa au Baricho mara kwa mara.

Petroli: kibandiko ndani ya kifuniko cha tangi, kwa gari la Japani, kinataka petroli ya daraja la juu. Injini ina sensa inayosikia kugonga na kuchelewesha cheche za plagi, kwa hivyo haitakufa kwa super ya kawaida, ila itapoteza kasi kidogo na kunywa zaidi. Ukitoka na mzigo na watu watano kwenda Nairobi, jaza ile ya bei ya juu.

Kinachovuja ni maji. Pampu ya maji na thamostati zimeunganishwa kwenye kifuko kimoja cha plastiki upande wa giaboksi, kinazungushwa na mkanda wake mdogo kutoka kwenye kamshafti. Namba inaanza 04E 121 600, herufi za mwisho hubadilika. Plastiki ikizeeka, kulanti huanza kutoka kwenye kiungo na kukauka juu ya chuma moto, kwa hiyo chini ya gari huoni tone. Utakachoona ni chupa inashuka polepole, na ukiangalia kwa tochi nyuma ya filta ya hewa, michirizi ya waridi iliyokauka kama unga. Kulanti ni G13 au G12evo, imechanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Usiweke maji ya kisima. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye matumbawe, maji yake ni ya chokaa na chumvi, na injini hii kichwa na bloku ni alumini. Rangi zisikudanganye, kulanti ya kijani ya dukani ikichanganyika na hii haifai.

Turbo yenyewe ni imara. Kinachokwama ni kilango kinachopunguza presha, westigeti, mkono wake ukishika kutu kwenye kiungo. Hewa ya chumvi inaharakisha. Taa ya EPC inawaka kwenye dashi, gari linakuwa zito, msimbo P334B. Kabla ya kuuziwa turbo, mwambie fundi alegeze mkono ule kwa mafuta ya kupenya kutu, auchezeshe mpaka uende wenyewe, kisha aweke grisi ya kuvumilia joto kali. Mara nyingi ndiyo mwisho wa tatizo kwa muda mrefu.

Tukienda chini. Golf ya 1.2 ina bimu nyuma, chuma kimoja kinachounganisha tairi mbili. Highline na A3 quattro zina mikono minne kila upande. A3 za kati usitegemee jina, inama uangalie. Ukiona chuma kipana kinachokatiza, ni bimu. Ukiona mikono na bushi nyingi, ni mikono. Kwenye lami mikono ni mitamu zaidi, gari halirushi nyuma. Kwenye barabara ya vumbi na matuta ya Gede, Matsangoni na kila penye skuli, bimu ina bushi mbili tu za kuliwa na mikono ina rundo. Mwenye kwenda Marafa kila wiki asitamani mikono.

Hapa pia ndipo pesa nyingi hupotea dukani. Shokamzoba za mbele za magari haya zina unene wa aina mbili pale zinaposhikwa chini: milimita 50 na milimita 55. Kwa kawaida yenye bimu ni 50, yenye mikono ni 55, ila pima kwa kalipa kabla hujatuma pesa Mombasa au Nairobi. Ukinunua ya 55 kwa gari la 50 haiingii, ya 50 kwenye 55 inacheza. Diski za mbele vilevile: kuna za 276, 288 na 312. Kwenye buti au kwenye kitabu cha huduma kuna kibandiko cheupe chenye misimbo ya herufi na tarakimu tatu tatu, kipige picha. Muuzaji wa spea anayejua kazi yake atakiomba kabla ya kuuliza mwaka wa gari.

Na namba za spea zenyewe zina siri nzuri. Zinazoanza 5G0 ni za Golf 7, bodi hasa. Zinazoanza 8V0 ni za A3. Zinazoanza 5Q0 ni za wote. Lowa amu ni 5Q0 407 151 kushoto na 152 kulia, linki ya stabilaiza ya mbele ni 5Q0 411 315, na orodha inaendelea. Mwenye Audi asitaje Audi. Aende na namba, aombe 5Q0 fulani ya Golf. Kitu ni kile kile, kasha ni tofauti, bei nayo inabadilika sura. Bushi ya nyuma ya lowa amu ndiyo huliwa kwanza hapa kwetu. Utaijua ukifunga breki gari likavuta upande kidogo na kutoa mlio mdogo wa kugonga chini ya miguu. Bolti nyingi za chini hukazwa kwa kunyooshwa na hazirudiwi. Nunua mpya pamoja na amu.

Uvungu wa Golf ni kama sentimita 14. A3 yenye saspensheni ya michezo imeshushwa milimita 15, na yenye S line milimita 25. Kwenye picha linapendeza. Kwenye tuta la Msabaha linakwaruza likiwa na watu wanne. Rimu nazo: Trendline ilitoka kiwandani na 195/65 R15, Comfortline 205/55 R16, Highline na baadhi ya A3 225/45 R17. Kushuka hadi 16 kunalinda rimu na mgongo wako. Kushuka hadi 15 kunategemea breki; diski ya 312 haikubali rimu ya 15. Halafu inua sakafu ya buti kabla hujalipa, A3 nyingi hazina tairi la spea, ni pampu ndogo na chupa ya gundi. Gundi hiyo huwa na tarehe ya mwisho, na haizibi tairi lililochanika ubavuni kwa jiwe la matumbawe.

Sasa chumvi. Boneti na fenda za mbele za A3 ni alumini. Za Golf ni chuma. Chukua sumaku ndogo ya friji. Kwenye fenda ya mbele ya A3 halisi haishiki. Ikishika, fenda hiyo imebadilishwa, na huenda gari limegongwa. Kwenye Golf fanya kinyume: inatakiwa ishike kote kwa nguvu moja, ikilegea mahali, jua kuna pati chini ya rangi. Alumini haioti kutu nyekundu, lakini inapogusana na bolti ya chuma kwenye hewa ya chumvi inatoa unga mweupe na rangi inavimba ukingoni. Ukiona vipele kwenye ncha ya boneti la A3, kwaruza mapema. Na likipinda, si kila mnyoosha bodi anaiweza. Alumini ikigongwa kama chuma inanyooka kupita kiasi na inapasuka, na vumbi la chuma kutoka kwenye grainda ya jirani likiingia kwenye rangi linaanza kuila. Boneti la Golf fundi yeyote wa Maweni atalirudisha. Hili peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchagua Golf kwa mtu anayeegesha kati ya tuktuk.

Anayeishi upande wa Casuarina au Silversand, osha gari chini kila wiki wakati wa kusi, bahari inaporusha. Osha kwa maji ya mfereji au ya mvua. Kunyunyizia maji ya kisima cha chumvi ni kuongeza kile unachokitoa. Elekeza mpira kwenye radieta na kondensa ya AC kwa presha ndogo, kutoka nyuma kwenda mbele ukiweza kufika, kwa sababu mapezi yake ni membamba na hulika kuanzia ukingo wa chini. AC ikianza kupoa nusu, pima kama gesi inavuja hapo kabla ya kujaza tena. Kiasi cha gesi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ijazwe kwa mizani.

Halafu mivinje. Majani yake membamba kama sindano hupita kwenye matundu chini ya waipa na kulala kwenye mfereji ulio chini ya kioo cha mbele. Yakiziba tundu la kutolea maji, mvua ya masika inapanda na kuingia kwa njia ya hewa ya AC hadi miguuni kwa abiria. Ukisikia harufu ya zulia bichi, chomoa filta ya hewa ya ndani nyuma ya dashibodi upande wa abiria; ikiwa imelowa, umepata jibu. Toa plastiki ya chini ya waipa, safisha kwa mkono, mimina ndoo ya maji uone yanatokea chini haraka. Fanya hivyo mara moja kabla ya Aprili. Magari yote mawili yanaugua hili sawa. A3 yenye paa la kioo inaongeza mirija midogo pembeni, nayo huziba.

Kwa ndani sina mengi. Viti vya A3 vinashika mwili vizuri zaidi, vitufe vinabonyea kwa uzito wa kupendeza, na kelele ya barabara ni kidogo. Nyuma Golf ina nafasi kubwa zaidi ya kichwa kwa mtu mrefu. Skrini ya A3 inainuka kutoka kwenye dashi kwa mota, na mota yenye mchanga ndani huanza kukwaruza. Izime isipande kama huitumii. Taa za mbele za A3, zenon au LED, zikivunjika ni bei ya kukufanya ukae chini. Za Golf ya kawaida ni balbu.

Betri ya magari haya ni EFB au AGM kwa sababu ya mfumo wa kuzima injini unaposimama. Ukiweka ya kawaida, itakufa mapema, joto letu likisaidia. Ukibadilisha, kompyuta iambiwe aina na ukubwa wake. Na kitufe chenye herufi A kwenye mduara kibonye kila ukiwasha. Kuwasha na kuzima kwenye kila boda inayokatiza barabara ya Lamu hakukusaidii kitu.

Pedi za nyuma zina mtego mmoja. Breki ya kuegesha ni ya umeme, mota iko kwenye kalipa. Fundi akiisukuma pistoni kwa G-klempu bila kuiweka kwenye hali ya huduma kwa mashine, anavunja gia ndogo za mota. Kwanza mashine, kisha pedi.

Ikibidi kuvutwa, weka N, washa swichi ya umeme ili usukani usijifunge, usizidi kilomita 50 kwa saa wala umbali wa kilomita 50. Zaidi ya hapo tafuta gari la kubeba.

Na kwa wanaoacha gari Mokowe wakavuka kwenda Lamu kwa siku kadhaa: egesha mahali tambarare, weka P, zuia tairi kwa jiwe mbele na nyuma, uache breki ya umeme ikiwa imeachiliwa. Diski za nyuma zikilala na pedi zimebana kwenye hewa ile zinashikana, na ukiondoka kwa nguvu unang'oa tabaka la pedi. Ukitaka kuchomoa betri, chomoa hasi. Ukiirudisha, taa kadhaa zitawaka. Washa injini, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha kulia, endesha mita chache zizime, na vioo uvipandishe mpaka juu ukishikilia kitufe kidogo ili vikumbuke tena kufunga kwa mguso mmoja.